Ng'ombe Niliyeshindwa Kumweleza

Murongo, Karagwe
14 Agosti 1951

Mpendwa mdogo wangu Yustus,

Marahaba, maana najua shikamoo umeitoa kabla hujafungua bahasha. Hujambo huko Tanga? Kifua kimepona? Watoto wazima? Sisi tunapumua. Mvua bado. Adelgunda jirani kaolewa tena, wa tatu huyu, eti safari hii ni mapenzi.

Nakuandikia Kiswahili badala ya Kinyambo chetu. Usicheke makosa, nina sababu.

Bihogo wa baba hayupo tena. Yule wa mwisho, wa uzao wa ng'ombe aliopewa na bibi. Mwezi wa sita uliingia ugonjwa wa mifugo, askari wakazoa ng'ombe wote malishoni, wakawafungia kwenye boma la serikali. Waliopimwa wakaonekana wazima, wenyewe wawachukue, siku mbili tu. Baba hawezi kutembea, na shemeji yako Melkiory alikuwa kapeleka kahawa Nyaishozi. Nikaenda mimi.

Karani ni mtu wa pwani. Bomani hakuniruhusu kuingia, kwa ajili ya ugonjwa. Kaniuliza, "Ng'ombe wako yukoje, mama?" Nikasema mwekundu. "Wekundu ninao arobaini. Ana alama gani?"

Yustus, unanijua, hata msibani huwa naambiwa ninyamaze. Kwa Kinyambo ningemweleza Bihogo mpaka jua litue. Kwa Kiswahili nilikuwa na mwekundu, na mzuri. Nikasema, "Ni mzuri sana." Askari wake wawili, nao si wa huku, wakacheka. Na mimi nikacheka, nifanyeje. Akaniambia nilete mtu anayejua kueleza.

Melkiory karudi siku ya tatu. Boma tupu. Wasiotambuliwa walishapelekwa mnadani.

Baba hakunigombeza. Ila maziwa ya jirani hanywi, na jioni bado anataka niwashe moto wa zizini, ule wa moshi wa kufukuza inzi, na zizi halina kitu. Nawasha. Amekonda sana.

Sasa kila Jumamosi naenda kwa Felicitas, mke wa mwalimu. Namenya ndizi zake, naye ananipa maneno. Binti yangu Placidia ananicheka, eti mama unasoma uzeeni. Nimemwambia maneno hayaozi, aweke akiba mapema. Na wewe nitumie ya huko, hasa ya rangi.

Jana nilimkalisha baba karibu na moto, nikasema yote kwa Kiswahili, sikukwama: mwekundu wa kahawa iliyokauka, ana baka jeupe kwenye paji, pembe zimepinda karibu zigusane, sikio la kushoto lina pengo aliloachiwa na fisi. Kasikiliza mpaka mwisho, na haelewi hata moja. Halafu akaniuliza kwa Kinyambo kama karani sasa amemjua Bihogo.

Nikamwambia ndiyo, baba.

Omba ruhusa uje, usichelewe. Melkiory na Placidia wanakusalimu, nisalimie mkeo Kemilembe. Mungu akufikishe ukamkute mzee amekaa.

Mimi dada yako nikupendaye, mwenye mdomo,
Dafroza