Sensa Aliyoifunga Baba

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani, na kiuno kinaendeleaje? Mimi mzima, ila gari ulilonipa linanikondesha. Likipanda kilima linakosa nguvu, linabugia mafuta, na taa ya injini haizimi. Nimelichomeka kwenye mashine ya kupimia hapa gereji ninapofanya kazi. Inasema sensa ya noki. Ningekupigia, lakini wiki ya tatu hii simu yako inaita tu. Umenikasirikia?

Mwanao

11 Machi

Bisibisi wangu,

Marahaba, mama. Kiuno kipo, kinalalamika kama kawaida yake. Hasira za nini? Simu ndiyo imechoka, halafu mimi naandika vizuri kuliko ninavyoongea.

Usikimbilie kununua sensa. Kazi yake ni kusikiliza injini ikigonga na kuiambia kompyuta ya gari icheleweshe moto wa plagi. Ikiharibika, kompyuta inaogopa na kuchelewesha moto muda wote, ndiyo maana gari halina nguvu. Kwanza fuata waya mpaka kwenye soketi, angalia kutu. Kisha washa injini, gonga bloku ya injini pembeni ya sensa kwa spana ndogo huku ukitazama mashine. Namba zisipocheza, imekufa. Lakini niliifunga mwenyewe, mpya kabisa, mwezi mmoja kabla hujalichukua gari. Mimi nashuku waya.

Baba yako

22 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Waya ni mzima. Nimegonga mpaka fundi mwenzangu akauliza kama napiga hodi; namba hazikutikisika. Nimeweka sensa mpya na gari sasa linapanda kilima bila kusukumwa. Ile ya zamani ilikuwa mbovu tangu kiwandani. Usiiwaze.

Mwanao

2 Aprili

Mama,

Salama huko? Nimefurahi gari limepona. Ila tangu nikufundishe kazi hujawahi kulaumu kiwanda kabla ya kumlaumu fundi. Nitumie hiyo ya zamani.

Baba yako

30 Aprili

Baba,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Nilitaka kukwambia imepotea, nikashindwa kukudanganya mara ya pili. Imo humu kwenye bahasha.

Mwanao

9 Mei

Binti yangu,

Hujambo? Mwili wangu mzima. Sensa nimeiona. Imepasuka kuzunguka tundu la boliti; imekazwa mno. Ulijua, ukanifichia. Asante, na usirudie.

Sasa nikwambie. Unaijua spana yangu ya kipimo: boliti ikifika kiwango inalia tik, unaacha. Siku ile ya kufunga sensa nilingoja tik. Nikavuta, nikangoja, nikavuta tena. Nilidhani spana imeharibika. Ililia, mama. Mimi ndiye sikusikia. Na simu ni nzima. Inaita nami nimekaa chumba hichohicho.

Naona haya. Miaka thelathini na nne watu wananiletea magari niyasikilize. Mwisho wa mwezi nafunga gereji, kabla sijamharibia mtu breki.

Baba yako

16 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Nimelia, kisha nikakasirika, kisha nikaenda dukani. Ndani ya kifurushi hiki kuna spana ya kipimo ya aina nyingine. Hii ina taa. Boliti ikifika kiwango inawaka nyekundu.

Nimekuwekea miadi kwa daktari wa masikio tarehe ishirini na nane. Nitakuja kukupeleka mwenyewe, na tukitoka huko ndipo tutazungumza habari za gereji. Kabla ya hapo usifunge hata dirisha. Kama ni kusikiliza injini, tutatafuta mtu wa kusikiliza. Mikono kama yako sijui pa kuitafuta, na nakupenda, na ungeniambia mapema.

Sikutaka kukutumia kitu nisichokijaribu. Leo nimeziba masikio yote mawili kwa pamba, nikafungua sensa ya gari langu na kuifunga upya kwa kutazama taa tu. Nimepanda nalo kilima mara mbili. Haikupasuka.

Mwanao