Betri Mpya Kutoka Mwanza

Murusagamba, Jumanne jioni

Kumbe sauti iliyorekodiwa haikai ndani ya betri. Nimerudi kutoka Kabanga na faraja hiyo moja.

Juma zima nilikuwa nimeilaza tableti chini ya misale na kamusi, nikidhani betri iliyovimba itanyooka. Odetha, fundi, aliposikia hivyo alishika kichwa.

"Mwalimu! Hii si karatasi iliyojikunja. Ingekulipukia!"

Niliona haya. Maishani mwangu nimenyoosha kila kitu kwa vitabu.

Aliitoa betri, akanipa njia tatu: kuweka iliyowahi kutumika, leo leo, bila hakika ya kudumu; kuagiza mpya Mwanza na kusubiri majuma mawili; au kuiunga tableti na umeme wa sola, isitoke tena ukutani.

"Ya ukutani ndiyo rahisi, Mwalimu. Kwani huwa unaipeleka wapi?"

Naipeleka shambani. Ndani yake marehemu mke wangu, Skolastika, anapita shambani akitaja migomba kwa Kihangaza, mmoja mmoja, na jirani aliyetupatia kila mche. Nikimsikiliza nimeketi, ni orodha tu. Nikitembea naye, sauti hutangulia, na majani husogea kana kwamba amepita sasa hivi.

Nimeagiza mpya. Nahofia isipofika...

Jioni hii nimepita shambani mikono mitupu, nikitaja mwenyewe. Kwenye mgomba wa tisa nilikwama. Nikasimama pale, bila haraka, nikamngoja anikumbushe.