Makaar Aliuua Moto Hapa

Jumatatu, 9 Mei

Theluji imeisha yote. Tarehe tisa! Marehemu baba angefufuka leo angesema nimemdanganya mwezi. Enzi zake tarehe hizi tulivuka ziwa juu ya barafu, farasi na mzigo. Leo bata wanaogelea.

Shimo la nyama chini ya ghala limejaa maji hadi magotini. Baba alilichimba ndani ya barafu ya ardhini, miaka arobaini halikutoa hata tone. Sasa nyama ya ng'ombe wangu inaelea. Ng'ombe saba, niliwachinja mwenyewe Oktoba maana hawakuwa na cha kula. Nyasi zao ziliungua Agosti. Kibanda cha malishoni nacho. Na kitanda alichozaliwa juu yake mama.

Silip, jirani wa ng'ambo ya ziwa, ndiye aliyeuwasha moto ule. Naandika wazi, daftari halina mdomo. Wakubwa wanasema radi. Radi bila mvua! Mimi nilimwona Silip kwa macho haya, masika ya mwaka jana, anachoma nyasi kuukuu ng'ambo ya ziwa huku anacheka. Na lundo lake la nyasi halikuguswa. Mpaka leo limesimama, kubwa kama kanisa. Kila asubuhi nikifungua dirisha naliona.

Nitalichoma. Nimeapa. Anuse alichonusa Makaar.

Jumatano, 11 Mei

Kunnei amekuja, mtoto wa dada yangu. Anafanya kazi mjini Yakutsk ya kupima joto la ardhi. Anachomeka vyuma ardhini kama daktari wa ng'ombe, halafu anakunja uso.

Kakaanga chapati za maziwa, akakata kipande atupie jikoni kumlisha Babu Moto, mzimu wa moto wa nyumba. Nikamdaka mkono.

"Jiko hili halilishwi. Tangu Agosti."

"Mjomba! Umemnunia Babu Moto?"

"Nimemnunia. Kala ng'ombe wangu saba, leo nimpake siagi?"

Alicheka hadi akapaliwa. Kisha akaacha kucheka. Kasema moto wa mwaka jana huenda haujafa. Eti majira ya joto yamerefuka, barafu ya ardhini inarudi chini kila mwaka, ile mboji nyeusi ya juu imekauka, inawaka polepole kama mkaa. Moto unazama humo, unalala chini ya theluji, Mei unaamka.

Nikamwambia: baridi ya digrii hamsini, moto unalala? Ni dubu huo? Na dubu mwenyewe nilishampiga kofi, akaondoka anaomba radhi.

Nikamhadithia tena ya Septemba. Kikosi cha zimamoto kiligawana ukingo wa moto, hatua mia mbili kila mtu. Wenzangu siku tatu. Mimi siku moja! Ndevu ziliungua, chai ilichemka kwenye chupa mgongoni. Nikachonga kwenye msonobari, herufi kubwa: MAKAAR ALIUUA MOTO HAPA.

"Ulipapasa ardhi kwa mkono mtupu, kusikia joto? Kila hatua, kama mlivyofundishwa?"

"Nilipapasa, mwanangu."

Kwa daftari tu: nilipapasa na glovu. Hatua kumi na tano hivi. Baadaye nikawa nachonga.

Jumamosi, 14 Mei

Dukani. Silip yuko mlangoni, kofia kisogoni, kama duka ni la baba yake.

"Bwana Makaar! Nasikia ng'ombe saba umewala peke yako. Tumbo limekiri."

Watu wakacheka. Hata muuza mkate, mwanamke ambaye hajacheka tangu ujana wake.

Halafu akanisogelea, sauti chini. Kasema nyasi zake zimebaki nyingi, nikipata ndama wawili watatu nije nichukue, sina haja ya kuomba.

Sadaka! Anichomee kisha anipe sadaka! Nilimjibu: nyasi zako zitaliwa, jirani, usiwe na wasiwasi. Akasema haya, karibu. Hajaelewa kitu.

Nimenunua viberiti. Pakiti nzima.

Alhamisi, 19 Mei

Digrii ishirini na nane. Mei! Siku kumi hakuna tone la mvua. Kunnei karudi mjini.

Leo ndiyo siku niliyopanga. Mchana kweupe — Makaar hanyatii kama mwizi. Nimezunguka ziwa na viberiti mfukoni. Njia inapita kwenye kipande changu cha mwaka jana. Nikasema nipite nisalimie mti wangu.

Soli ya buti ikaanza kunuka.

Nimetazama chini. Ardhi imetoboka, shimo lenye upana wa sufuria, moshi mwembamba unatoka kama pumzi ya mtu aliyelala. Pembeni lingine. Na lingine, hadi kwenye mizizi ya msonobari wenyewe. Jina langu liko palepale, zuri, linasomeka toka mbali.

Safari hii nilipapasa bila glovu. Nimeungua kiganja kizima.

Nimekaa kitako. Majira yote ya baridi! Mimi juu nachinja ng'ombe, yeye chini amejifunika, anapumua. Kwenye hatua ZANGU.

Halafu nikahisi upepo kisogoni. Kutoka mashariki. Unaelekea moja kwa moja kwenye lundo la Silip.

Viberiti nimerudi navyo. Sikuhitaji. Sikuwasha mimi. Sijui chochote.

Ijumaa, 20 Mei

Upepo uleule. Nimekaa dirishani na chai kama mtu anayesubiri bibi harusi. Moshi umenenepa. Kula, mwanaharamu. Ng'ombe saba unanidai mimi au nakudai? Nakudai. Sasa lipia kwa Silip.

Kunnei kapiga simu. Mjomba, unaona moshi upande wa ziwa? Nikasema ukungu.

Mkono unapwita. Nimefunga kitambaa.

Jioni nimekumbuka: nyuma ya lile lundo ndiko farasi majike wa Silip wanakozalia. Wanane, na watoto wao hawajajua kukimbia.

Mimi nilitaka nyasi. Farasi sikutaka.

Jumamosi, 21 Mei

Nimepiga simu. Nimesema nimeuona asubuhi hii. Kikosi kiko mbali, saa mbili au zaidi. Nimechukua sepetu na shoka, nimekimbia — mbio ambazo farasi angezionea haya.

Silip alikuwa ameshafika. Farasi wake amewasukuma ng'ambo ya kijito, akarudi. Katoa chapati mfukoni, akaimega, akatupia shimoni. "Kula, Babu, shiba, ulale." Ndipo akashika sepetu. Miali ilikuwa imeshaingia nyasini, hatua hamsini kutoka kwenye lundo. Tumeipiga bega kwa bega. Sijawahi kuona mtu anapiga hivyo. Isipokuwa mimi.

Ya juu imezimika. Imebaki ya chini.

"Kipande hiki mwaka jana alipewa nani?"

"Tulikuwa wengi," nikasema.

"Huyo mmoja alikuwa mvivu. Nikimjua nitamlaza humu shimoni."

Nimekaa kuvuta pumzi, naandika. Yeye hapumziki. Amepiga magoti, mikono mitupu, anapapasa hatua kwa hatua kutafuta moto unapoishia. Anauelekea msonobari. Moshi unaufunika, unaufunua. Maandishi yanamtazama yeye. Zimebaki hatua kumi.

Shoka liko magotini. Naweza kusema mizizi imeungua, mti utatuangukia, niukate. Si uongo! Umeinama kweli.

Ameinua kichwa.

"Makaar, ndugu yangu, njoo unisaidie. Viganja vyangu vimeshaungua, havisikii tena. Vua glovu, lete mkono wako."

Chini ya glovu kuna lengelenge la Alhamisi. Limeshakauka pembeni, limeanza kubanduka. Mtu asiyejua moto ataona kidonda tu. Silip anajua moto; atajua ni la siku mbili.

Anaita tena. Hatua nane.