Mwonjaji wa Kahawa ya Sheshappa

Mysuru,
Jumatano asubuhi

Mpendwa Dada Kamalakshi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limeanza kusikia dawa. Sisi huku hatujambo. Wifi yako Nagamma anakusalimu, na anasema nimenenepa, jambo ninalolikanusha mbele ya kila mtu isipokuwa fundi cherehani.

Habari kubwa ni mkahawa wa Sheshappa. Unakumbuka alivyorudi kutoka kuhiji mji mtakatifu wa Kashi? Desturi ni kwamba anayehiji huko anaapa kuacha chakula anachokipenda; wenzake wakaapa kuacha mabiringanya, ambayo hata hawakuyapenda. Yeye peke yake, mkweli kupita kiasi, akaacha kahawa. Mwenye mkahawa! Tangu hapo, miaka tisa sasa, mimi ndiye ninayemwonjea. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu anachuja, anatia maziwa, anamimina juu chini mpaka povu lisimame, kisha ananitazama kama anasubiri majibu ya mtihani. Nikisema imekubali, anafungua mlango.

Miezi minne iliyopita muuza buni wake wa zamani alistaafu, akaja mwingine mwenye maneno matamu. Sheshappa akaniuliza, nikasema buni safi. Wateja wakaanza kunung'unika. Sarojamma, yule mwalimu wa hesabu anayekaa ng'ambo ya barabara, alisukuma bilauri yake akasema haya ni maji yaliyooshewa sufuria. Mimi, bingwa, nikamwambia mbele za watu kwamba hesabu zimemkausha ulimi. Watu wakacheka. Yeye hakucheka, wala hakurudi. Baada yake meza zikawa zinabaki tupu moja moja. Juzi Sheshappa aliniambia kwamba hali ikiendelea hivi, kabla ya sikukuu ya Dasara atakuwa amefunga. Na kesho anakubaliana na yule muuza buni kwa mwaka mzima, maana kama mimi nasema buni ni nzuri, basi wabaya ni wateja.

Dada, nilikuandikia kwamba ile homa iliyonilaza miezi minne iliyopita iliniacha salama. Nilikudanganya. Ilikwenda na pua yangu. Sisikii kahawa, sisikii sabuni. Majuzi niliunguza samli nikiwa nimesimama kando yake. Kahawa kwangu ni maji ya moto yenye rangi. Nilinyamaza kwa sababu, katika miaka yangu hamsini na mitatu, hakuna jambo jingine ambalo mtaa huu umewahi kuniuliza maoni yangu.

Lakini sitakubali mkahawa wa mtu ufe kwa ajili ya fahari yangu. Naweka kalamu chini, naenda kumwambia sasa hivi.

Nimerudi. Nilisema mbele ya wateja watatu waliobaki. Sheshappa akaniuliza, "Miezi minne, wewe Rangappa, unanisifia maji ya moto?" Nikakiri. "Na siku ile uliyofumba macho ukasema inanukia mvua ya kwanza?" Nikakiri na hiyo. Mmoja wa wateja akasema huyu angefaa ubunge.

Sheshappa hakucheka. Aliuliza nani sasa atamwonjea, kwa kuwa kiapo chake havunji. Nikamwambia mtaa huu una ulimi mmoja wa kuaminika, nami nimeutukana. Akajaza bilauri, akanishikisha. "Basi mpelekee. Na usimwage."

Sarojamma alifungua mlango, akaniacha nimesimama na bilauri ikiniunguza vidole mpaka nilipotamka, kwa sauti ya kufika kona ya barabara, kwamba aliyekauka ulimi ni mimi. Ndipo akapokea. Akaonja, akatema kando ya ngazi, akavaa ndala na kuvuka barabara bila kunisubiri. Nilipofika alikuwa ameshamwambia Sheshappa buni zile arudishiwe mwenyewe leo leo, na kwamba kesho yeye atafika saa kumi na mbili na nusu kamili, asikute sufuria chafu.

Jumatatu naenda kwa daktari wa pua, Nagamma ameshaapa kunisindikiza. Ila kesho nitakuwa mkahawani kama kawaida, meza ya nyuma. Nitakunywa yangu, nisisikie kitu, na nisiseme kitu.

Wasalimie shemeji na watoto wote, na goti lako lipe pumziko.

Mdogo wako akupendaye,
Rangappa