Kikohozi cha Baba Mkwe

Jumatano. Mvua ya hapa kijijini Masoko, ile isiyonyesha wala kukoma. Nguo zinakaukia jikoni na zote zinanuka moshi. Nimekaa kwenye kigoda karibu na jiko, naandika kwa simu.

Mimi ni nesi, kazi yangu iko Tukuyu mjini, wodi ya wanaume. Baba mkwe alipopata kiharusi niliomba likizo nikaja kumuuguza. Upande wa kulia umelala, maneno yameondoka. Wagonjwa kama yeye nimewageuza, nimewaogesha na kuwalisha mpaka mgongo wangu umeizoea kazi hiyo.

Huyu siwezi kumgusa.

Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamkaribii baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja. Mabinti wa mjini wameshaacha, nyumba hii haijaacha. Tangu niolewe hatujawahi kusemezana. Akirudi shambani alikuwa anakohoa tangu kule kwenye mibuni, ili nipate muda wa kupotelea migombani. Na nasema kweli, nilimpenda kwa kikohozi kile. Wapo wakwe wanaowatokea watoto wa watu ghafla makusudi.

Basi namuuguza kwa mdomo. Nasimama nyuma ya pazia, namwelekeza mama mkwe: mama, weka mto mgongoni, mama, mkono ule usiuvute. Lakini mama ni mzee, hana nguvu za kumgeuza mwanamume mwenye mwili. Shemeji Ambakisye anamgeuza asubuhi kabla ya kwenda kuchuma chai, na jioni akirudi. Katikati hapo mzee analalia nyonga ile ile. Mama anasema ngozi imeanza kuchubuka. Najua kinachofuata, nimekiona na nimekinusa.

Mume wangu yuko Mbeya, anauza mitumba tangu kiwanda cha chai kibinafsishwe wakapunguzwa kazi. Nikimpigia anasema, "Si wewe ndiye nesi?" Nikimgusia mama anasema, "Wewe ni mkamwana." Wote wawili wako sahihi. Aliyebanwa katikati ni mimi, na kidonda kinakua.

Naona aibu kuandika hili: kuna siku naomba mila ibaki hivyo hivyo. Likizo ikiisha nitarudi wodini na hakuna atakayenilaumu, maana sikuruhusiwa.

Leo watu wamekwenda msibani Suma. Wenzake mama walikuwa wanamwita barabarani, naye akamlisha mzee uji harakaharaka, akamlaza chali, akajitanda khanga akatoka. Nilibaki jikoni namenya ndizi. Nikasikia mzee anakohoa.

Nikakimbia.

Sikukimbilia kwake. Nilikimbilia migombani, kisu mkononi, kama nilivyofanya miaka yote. Nikasimama kwenye mvua namngoja apite. Ndipo akili iliponirudia. Apite aende wapi? Mguu wenyewe hawezi kuuinua. Uji ulikuwa unampalia!

Sijui niliingiaje. Nilijifunika kitenge mpaka karibu na macho, nikamshika makwapani, nikamketisha, nikamwinamisha mbele, nikautoa kwa kidole uji uliobaki shavuni upande uliolala. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Akakohoa sana, kisha akavuta pumzi.

Tukatazamana, kwa mara ya kwanza. Ana macho ya mume wangu. Nilingoja hasira. Yeye akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akavuta pembe ya blanketi akajifunika uso.

Nikajua ananifukuza, nikageuka nitoke. Lakini mkono ule ule ukashuka, ukapapasa mpaka kwenye nyonga yenye kidonda, ukapagusa, ukapagusa tena. Uso ulibaki umefunikwa.

Alikuwa amenipisha.

Nikamsafisha, nikamgeuza, nikaweka mto katikati ya magoti. Nililia kwa sauti, maana hapakuwa na wa kunisikia ila yeye.

Mama aliporudi aliona. Hapa nyumbani hakuna mwingine anayemlaza mtu hivyo. Nilisimama uani nangoja kusemwa. Alikunja khanga yake taratibu, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mama Tumaini," akaniita kwa jina la mwanangu, "kesho asubuhi nitakuwa shambani. Maji ya moto nitayaacha jikoni."

"Na mvua hii, mama?"

"Nitakuwa shambani." Kisha akaongeza kwa Kinyakyusa, "Ndaga." Asante.

Nimefurahi. Lakini pia nimesikia kama mlango unafungwa nyuma yangu. Aliyeruhusiwa kumgusa ndiye atakayemgusa kila siku. Ambakisye ameshaniuliza likizo inaisha lini, kwa sauti ya mtu anayeomba isiishe. Wodini zamu yako ikiisha kuna mwenzako anaingia, unavua aproni, unakwenda zako. Hapa nani ataingia? Nikiondoka, kidonda kitamla. Nikibaki, kazi yangu imekwenda, na mimi nimekwenda nayo.

Kesho nitaingia na taulo mbili. Moja ya kumwogeshea. Nyingine nitaiweka karibu na mkono wake wa kushoto, ajifunike mwenyewe.