Mama Alipopotea San Juan

Jumamosi, mwezi wa kwanza. Champlin, theluji nyepesi tangu asubuhi.

Siwezi kukaa. Nimefua, nimekunja, nimefungua friji mara nne bila njaa, nimefuta meza isiyo na uchafu. Tulirudi kutoka San Juan Jumanne, mimi na mama, na miguu yangu bado inataka kwenda mahali. Naandika kwa sababu nikiendelea hivi nitaanza kupaka nyumba rangi.

Nianze na kinachoniuma. Kanisani wote wanajua kwamba nilimleta mama kutoka Moshi aje huku ughaibuni kupumzika. Niliwaambia mwenyewe, tena mbele yake. Ukweli ni kwamba nilimleta alee watoto. Mimi ni nesi hospitalini Coon Rapids, mji wa jirani, baba watoto naye anafanya kazi kwa zamu, na Neema na mdogo wake hawakuwa na mtu wa kukaa nao. Mama ana miaka miwili sasa humu ndani. Anapika, anamsuka Neema, anawapokea kwenye basi la shule.

Hiyo "humu ndani" si utani. Mwanzoni alijaribu kutoka kutembea, lakini mtaani kwetu mtu anayetembea bila mbwa ni mtu mwenye matatizo. Majirani watatu, kila mmoja kwa siku yake, walisimamisha gari kumuuliza kama amepotea. Walikuwa na nia njema kabisa. Mama alirudi, akavua viatu, na hakutoka tena kwa miguu.

Safari ya San Juan, kisiwani kusiko na baridi, ilikuwa zawadi yangu kwake, au toba yangu, sijui. Baba watoto alichukua likizo akabaki na watoto. Nilisoma kwamba ule mji mkongwe, walioujenga Wahispania, unazungukika wote kwa miguu. Nikatengeneza orodha: ngome iliyo juu ya bahari, ukuta, lango jekundu, kanisa kuu. Kila kimoja na dakika zake. Ndivyo ninavyoishi, kazi imenizoesha kutazama saa.

Mtaa wa kwanza tu, orodha ikaharibika. Barabara zimetandikwa mawe yenye rangi ya samawati, zinapanda na kushuka, nyumba za njano na za pinki zimebanana, na mama anamsalimia kila mtu. Kila mtu! Kwa Kiswahili. Anayefagia barazani, anayemwagilia maua, anayesubiri mbwa wake amalize haja. Wakimjibu kwa Kihispania anaendelea kuwauliza za watoto. Mimi niko hatua kumi mbele, macho kwenye simu. "Mama, twende." Sijui nilisema hivyo mara ngapi siku ile, na naona aibu kukumbuka.

Karibu na kanisa kuu nilisimama kupiga picha mlango. Nilipogeuka, mama hayupo.

Dakika arobaini. Nimeshika wagonjwa mahututi bila kubabaika, lakini pale niliita "Mama!" mtaa mzima kama mtoto. Simu yake ilikuwa kwenye mkoba wangu, kwa sababu nilimnyang'anya nikidai ataiangusha. Nikapanda mtaa, nikashuka, nikawaonyesha watu picha yake. Binti mmoja anayeuza barafu ya sharubati akaitazama, akacheka, akanishika mkono hadi kwenye mlango wa kijani uliokuwa wazi.

Mama alikuwa ndani, kwenye kigoda, anamenya ndizi.

Kwetu mlango ukiwa wazi unapiga hodi, na mwenye nyumba akikutazama akatabasamu, umeshakaribishwa. Na ukimkuta mtu ana kazi hukai kumtazama, unaomba kisu. Mama alifanya hivyo hivyo kwa mwanamke asiyemjua. Kulikuwa na beseni zima la ndizi mbichi, za kukunwa na kufungwa kwenye majani ya mgomba. Mwenye nyumba, mwanamke wa makamo mwenye aproni ya maua, alikuwa ameacha kumenya, anaangalia tu mikono ya mama inavyokwenda.

"Hawa hawapaki mafuta mikononi," mama akaniambia, kana kwamba nimeingia jikoni kwake Moshi. "Utomvu unawachafua bure. Kaa, kuna kisu kingine."

Nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Nikakaa. Miaka miwili sikuwa nimemsikia mama akitumia sauti ile, sauti ya mtu mwenye shughuli zake.

Tulipotoka tukiwa na vifurushi viwili vya moto, alisema bila kunitazama, "Mwanangu, nataka kurudi nyumbani. Sijakasirika. Kwako nakula vizuri, nalala vizuri, na sina mtu wa kumsalimia."

Nikamwambia tutaongea.

Hatukuongea. Kwenye ndege sikumfikiria yeye hata kidogo, nilikuwa nawaza nani atawapokea watoto kwenye basi. Naandika hili ili nilione.

Leo mchana nimefungua ukurasa wa tiketi mara tatu na kuufunga mara tatu. Swali la kwanza ni kama msafiri anakwenda tu, au anakwenda na kurudi. Mara zote tatu nilimchagulia kurudi, bila kumuuliza. Mara ya nne nikamwita mezani. Akaja na miwani yake, akasoma taratibu, akaweka kidole kwenye kioo.

"Kwenda tu."

Neema alikuwa amesimama nyuma yetu. Anaelewa Kiswahili chote, ila hujibu kwa Kiingereza. "Bibi, are you mad at us?"

Mama akamvuta akamkumbatia. "Hapana, mjukuu wangu, sijawakasirikia. Bibi amemaliza kazi iliyomleta."

Kazi iliyomleta.

Kumbe alijua. Miaka miwili nasimama mbele za watu nasema mama amekuja kupumzika, naye pembeni yangu anatikisa kichwa kukubali, ili nisiaibike. Nikaenda bafuni nikafungua maji, nikalia.

Tiketi nimekata. Kesho ni Jumapili, na wataniuliza kwa nini mama anaondoka. Nitawaambia alikuja kufanya kazi, kazi ngumu, na nitamshukuru mbele yao.