Alama Ulizoacha Ziwani

Tata, baba yangu mpendwa,

Deo aliniletea kifaa chako cha kuonyesha njia kikiwa kimekufa. Mdogo wangu aliingia kibandani kwangu hapa mjini Bukoba, akakiweka mezani katikati ya simu za watu, kisha akasimama kando kama mtu aliyevunja chungu cha bibi yake. Nilikigeuza, nikakitikisa, na ganda la kahawa likadondoka.

Ngoja nikusimulie, maana ungeshika mbavu. Kilimponyoka akishusha abiria wa mtumbwi mwaloni kule Muleba, kikaingia majini. Akakiopoa upesi, lakini badala ya kukileta kwa dada yake fundi akakipeleka Kanazi kwa Mama, kisa anaogopa mdomo wangu. Watu wengine simu ikilowa wanaifukia kwenye mchele. Mama alisema mchele ni wa kula, akakifukia kwenye gunia la kahawa lililo nyuma ya mlango, na akamwambia Deo aende zake bila wasiwasi.

"Kahawa imekaa juani mwezi mzima," aliniambia nilipompigia simu kwa hasira. "Kuna kitu kikavu kuliko hicho?"

"Mama, kahawa ina vumbi! Limejaa kila tundu!"

"Vumbi la kahawa si uchafu, waitu mwanangu. Wewe umesomeshwa na vumbi hilo."

Unajua mwenyewe kwamba huyo mke wako habishiki.

Lakini nilipokifungua hasira iliniisha, ikaja hofu. Betri kubwa ilikuwa imevimba mpaka imesukuma mfuniko. Kumbukumbu yote ilikuwa inashikiliwa na betri ndogo ya duara, ukubwa wa kifungo cha shati, nayo ilikuwa imebakiza pumzi kidogo sana. Vifaa vya zamani ndivyo vilivyo: betri zote mbili zikizimika, kila kilichohifadhiwa ndani kinafutika. Na ndani yake, Tata, kulikuwa na alama zako zote za ziwani. Miamba iliyojificha chini ya maji karibu na kisiwa cha Bumbire. Njia ya kuingilia mwaloni ukungu ukiwa mzito. Na ile alama uliyoipa jina KOKU.

Hiyo ndiyo iliyonikosesha raha. Miamba Deo anaijua, ulimfundisha mpaka ikamwingia mwilini. Alama yenye jina langu hakuna anayeweza kuirudia kwa macho, kwa sababu maji ya pale hayana tofauti na maji mengine yoyote.

Wenzangu wana hospitali ya kuzaliwa, au chumba, au hata kichaka. Mimi nina maji. Mlikuwa mnaishi kisiwani, wewe ukiendesha mtumbwi wa injini wa wachuuzi wa samaki, Mama akikaanga mandazi. Uchungu ulipomshika ulimpakia kumvusha hospitali ya bara, nami nikawahi kutoka kabla hamjafika. Umesimulia mara ngapi? Mgeni akishaketi tu na kupewa kahawa ya kutafuna, atake asitake, ulianza: upepo ule, mawimbi yale, mama wawili wauza dagaa wameshika kanga iwe pazia, na wewe umeamriwa ugeuke utazame injini na usithubutu kupindua shingo. "Nahodha natazamishwa nyuma, kwenye chombo changu mwenyewe!" Wageni walikuwa wakicheka. Mama alimenya ndizi zake akitabasamu.

Kifaa kilikuja miaka mingi baadaye, pamoja na yule mgeni aliyekuja kupima maji ya ziwa, ukamzungusha visiwani. Kwao alikuwa rubani wa ndege zisizo na injini, zile zinazovutwa mpaka juu kisha zikaachiwa zielee zenyewe. Alikuwa na kifaa kingine kipya nyumbani, hiki akakuachia wewe. Kazi ya kifaa hicho ilikuwa kumwambia rubani kama kwa kimo alicho nacho atafika pa kutua au hafiki. Wewe ukakiweka mtumbwini, nacho maskini kikachanganyikiwa. Kila safari kiliandika kwa wekundu kwamba hufiki popote, uko chini mno. "Kinadhani tumeanguka," uliwaambia abiria, na kuna mama alitoa rozari akaanza kusali kwa sauti.

Nakumbuka ulivyokuja nacho Kanazi Krismasi ile. Ulisimama ukingoni mwa kibanja chetu cha migomba, pale ardhi inapoanza kuteremka, ukakiinua. Maandishi yakageuka kijani. Kutoka kwenye migomba yetu, kama tungekuwa na mabawa, tungefika ziwani.

"Mama Koku! Njoo uone! Leo kimesema tunafika!"

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akakitazama, akasema, "Tangulia. Mimi ndizi zangu zinaungua." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikikukumbuka, mara nyingi nakukumbuka hivyo, peku, mkono juu, na furaha yako kubwa isiyo na kazi yoyote.

Mwaka uleule ulikwenda ukatia alama mahali nilipozaliwa. Ulirudi ukaniambia, "Sasa una kwenu." Nilikuwa msichana mkubwa, najifanya siguswi na chochote, nikakujibu kwamba kwetu ni Kanazi. Lakini nilifurahi, Tata. Nilifurahi sana.

Basi kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwanza nilitoa vumbi la Mama kwa mswaki laini na spiriti, tundu kwa tundu, mpaka kibanda kikanukia kama nyumbani. Kisha, kabla sijagusa betri yoyote, nililehemu nyaya mbili nyembamba kutoka kwenye betri ya simu niliyoijaza chaji, ili umeme usikatike hata kidogo wakati natoa ile iliyovimba. Nilifunga mlango, nikaning'iniza kibao kinachosema nimekwenda kula.

Nikatoa iliyovimba. Nikaweka mpya. Nikabadilisha na ile ya kifungo. Skrini ikabaki nyeusi, nami nikabaki nimeshika koleo, nasali kimoyomoyo. Halafu ikawaka, ikaniandikia kwa wekundu wake wa siku zote kwamba sifiki popote. Sijawahi kufurahia habari mbaya kiasi kile.

Deo alitaka nikiboreshe papo hapo: programu mpya, ramani mpya, maandishi makubwa yanayosomeka juani. Nilimkatalia. Programu mpya ikiingia inafuta cha zamani chote, haiulizi hiki ni cha nani. Kwanza nakala. Nikaunganisha kompyuta, alama zikaanza kupita moja moja, na umeme wa mtaa ukakatika. Kompyuta yangu bila umeme wa ukutani haidumu, unaijua. Ikazimika katikati ya kazi.

"Zimekwenda?" Deo aliuliza.

"Nyamaza," nikamwambia, kwa sababu sikujua.

Umeme uliporudi nilifungua ile nakala. Alama zilikuwa nusu, na KOKU haimo. Lakini kifaa chenyewe hakikuzimika, betri mpya ilikuwa imekishika. Nikaanza upya, na safari hii zilipita zote. Nikaweka nakala kwenye kompyuta, kwenye kadi, na kwenye simu ya Deo. Kadi ya pili nikampelekea Mama aifungie kabatini, na nikamkanya asiitie kwenye gunia lolote. Ndipo nikaingiza programu mpya, kisha nikazirudisha alama zako ndani. Kila moja ikakaa mahali pake. Nililia hapo, wala sikuona haya mbele ya Deo. Msibani kwako sikupata nafasi ya kulia hivyo, nilikuwa na masufuria ya kusimamia na wageni wa kupokea.

Jumamosi tukaenda. Nilitaka kukiona kifaa kikifanya kazi majini na, niseme wazi, nilitaka kufika pale kwangu. Mama akasema na yeye anakuja. Tangu mhamie Kanazi hakuwahi kukanyaga mtumbwi. Alipanda na gauni lake la kanisani, koti la kujiokolea juu yake, akaketi katikati.

Deo alifuata mshale. Kifaa kilipolia, akazima injini. Maji yalikuwa ya kijivu, yanapiga ubavu wa mtumbwi taratibu. Nilikuwa nimejiandaa kuhisi kitu kikubwa.

"Ni hapa," nikasema.

Mama akatazama kushoto, akatazama kulia. "Si hapa," akasema.

Nilidhani sikumsikia vizuri. "Mama, Tata alitia alama mwenyewe."

"Najua. Hapa ndipo alipozima injini. Wale mama walimwambia niko karibu kujifungua, naye akasema mtikisiko utaniumiza, akaizima. Wewe ulikuja baadaye sana. Tulikuwa tumeshaelea mpaka kule." Akanyoosha mkono kuelekea ncha ya kisiwa. "Ulipolia niliona ule mwamba mweupe, ule wa ndege mnandi."

"Mbona hukuwahi kumwambia?"

"Nimwambie nini? Mtu alikuwa amegeuzwa mgongo, maskini, hakuona kitu." Akachezea mikanda ya koti lake. "Yeye alichokishika moyoni ni hiki. Injini imenyamaza, mimi napiga kelele nyuma yake, na hana la kufanya. Hapa ndipo alipoogopa, Koku. Miaka yote alipokuwa akiwachekesha wale wageni, mimi nilijua anasimulia hapa."

Hakuna aliyecheka mtumbwini. Deo alijifanya anaangalia mafuta.

Baadaye alitupeleka kwenye ule mwamba, nikabonyeza kitufe, nikatia alama ya pili mbele ya Mama. Programu mpya inakubali jina refu, kwa hiyo nikaandika KOKU WA MAMA. Mama akaishika skrini kwa mikono miwili, akaisoma taratibu, akanipongeza, "Kasinge." Deo, kwa nia nzuri, akauliza kama afute sasa ile ya kwanza, maana mbili zitamchanganya. Nilimwambia akiigusa nitamtupa majini na nisimkaushe kwenye kahawa.

Tata, nimezifikiria hizo alama mbili tangu siku hiyo, nikiwa kazini, nikiwa Nshambya nyumbani napika. Nilikuwa nahangaika kuokoa mahali nilipozaliwa. Kumbe nilichokuwa nimeshika mkononi ni mahali pako. Ni pale ulipokaa umegeuza mgongo kwa sababu umeamriwa, huoni, huwezi kusaidia, unasubiri sauti ambayo hujawahi kuisikia. Mimi nilikuwa bado sijafika. Wewe ulikuwa umeshakuwa baba yangu.

Nakupenda. Nilipaswa kukuambia kwa maneno haya haya ulipokuwa na masikio ya kusikia, lakini kwetu tunaambiana kwa ndizi zilizoiva na kwa simu za kuulizana kama umekula. Nadhani ulikuwa ukisikia.

Deo anavuka kesho na abiria wa kisiwani. Nimemwomba kila akipita kwenye alama yako azime injini kidogo, abiria wakilalamika awaambie ni amri ya dada yake. Ameniuliza azime kwa muda gani. Nimemwambia mpaka asikie kimya.

Lala salama, Tata.

Ni mimi uliyenisubiri,
Binti yako